Tushi 61 ao tushi 88? Jibu langu juu ya kinanda cha korali

Wanafunzi wenzangu, na ninyi walimu wetu,

Tangu siku ile tuliposhuka katika basi toka Lubumbashi na kinanda kipya cha korali, sijapata amani. Nikisimama kwenye mustari asubui, mutu ananiuliza. Nikienda kuchota maji, mutu ananiuliza. «Kapita, feza yote ile tulitoa, na mulituletea kile kifupi? Juu ya nini hamukuleta kile kirefu?» Wengine hawaulizi kitu, wanapima tu kwa mikono miwili, hivi, halafu wanacheka. Basi niliomba nafasi katika gazeti letu ili nijibu wote kwa mara moja. Lakini ninawaambia mbele: jibu lenyewe haliniletei heshima, na ni juu ya hiyo nilikawia kuliandika.

Munakumbuka kinanda cha zamani. Kilikuwa na tushi 49, ni kusema vile vipande vyeupe na vyeusi vyenye kukanyagwa na vidole. Tushi zake zilikuwa nyembamba kama za muchezo wa watoto. Kilitusaidia miaka mingi, na mutu asikitukane. Lakini siku ya kilio cha mama yule aliyekuwa anatupikia bukari, kilinyamaza katikati ya wimbo wa pili. Sauti ya besi ilianguka, nyuma yake tenori, na sisi wote tulimaliza wimbo kama watu wenye kushuka ngazi katika giza. Siku ile niliapa kwamba mbele ya kumaliza masomo yangu, korali itapata kinanda cha kweli.

Munajua namna tulivyotafuta feza. Tulibeba matofali, tuliuzisha mahindi ya shamba la masomo, kila mumoja alitoa kidogo kila mwezi. Tulifikia dola 430. Bwana Prefe aliweka komite ya watu wanne: mwalimu wetu wa muziki, musimamizi wa korali, binti mumoja wa mwaka wa tatu mwenye kupiga kinanda siku ya Mungu, na mimi Kapita. Mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti.

Tangu siku ya kwanza nilisema: tunaenda kununua kinanda cha tushi 88. Piano ya kweli iko na tushi 88, nyeupe 52 na nyeusi 36. Mimi niliwaza hivi: chenye kuwa na 88 ni kizima, na chenye kupunguka ni nusu. Nani anakwenda sokoni kununua nusu ya shati? Musimamizi wa korali alikubali. Binti yule alinyamaza. Mwalimu alicheka kidogo, akasema: «Kapita, mbele ya kufungua kinywa, fungua kitabu cha nyimbo.» Akatupa kazi, mimi na yule binti: kuchukua nyimbo 12 zenye korali inaimba kila mara, na kutafuta katika solfeji noti ya chini kabisa ya besi, na noti ya juu kabisa ya soprano.

Tulifanya kazi ile siku ya posho, tangu asubui mpaka saa sita. Katika nyimbo zote 12, besi haikushuka chini ya fa moja, na soprano haikupita sol moja ya juu. Tulihesabu tushi zote toka fa ile mpaka sol ile, nyeupe na nyeusi. Zilikuwa 39. Nilihesabu tena mara ya pili nikidhani tumekosa. Ni 39. Watu 34 wenye kuimba sauti 4, na vyote vinaingia katika tushi 39! Mimi nilitaka kununua 88. Nilijisikia kama mutu aliyeomba lori ili kubeba kikapo kimoja cha muhogo.

Mwalimu akatufundisha mambo ambayo sikuwa najua, na ninayaandika hapa kwa sababu yatawafaa wengine.

La kwanza, ni namna hesabu ile inavyofanyika. Oktavi moja iko na tushi 12, nyeupe 7 na nyeusi 5. Oktavi nne ni 48, na unaongeza do ya mwisho ili kufunga: ni 49. Oktavi tano ni 60, na do ya mwisho: ni 61. Piano ni oktavi 7 na tushi 4 juu yake: ni 88. Hivi hesabu hizi hazikuanguka toka mbinguni.

La pili, ni tofauti kati ya piano na sentetizeri. Katika piano, kila tushi inasukuma nyundo yake ndogo, na nyundo inapiga nyuzi zake. Ukipunguza tushi, umepunguza na sauti. Lakini katika sentetizeri, sauti inatengenezwa na umeme ndani ya mashini. Tushi ni kama mulango tu: inaambia mashini, fungua sauti hii, funga ile. Na karibu kila sentetizeri iko na butoni ya kupandisha ao kushusha oktavi. Basi kinanda kifupi hakikosi sauti za chini wala za juu. Kinakosa kitu kimoja tu: hakiwezi kuziweka zote chini ya mikono yako kwa mara moja.

La tatu, ni kwamba 88 si sheria ya Musa. Johann Sebastian Bach aliandika mwaka wa 1722 kitabu cha preludi 24 na fuga 24, na chote kinaingia katika oktavi nne, ni kusema tushi 49. Piano za wakati wa Mozart zilikuwa na oktavi tano, tushi 61. Hesabu ya 88 ilikuja kuwa desturi nyuma tu, kwa miaka ya 1880. Na katika sentetizeri zenyewe, Minimoog ya mwaka wa 1970 ilikuwa na tushi 44, na ilitoa noti moja tu kwa mara moja, hata ukikanyaga kumi. DX7 ya Yamaha, iliyotoka mwaka wa 1983, ilikuwa na tushi 61, na ilitoa noti 16 kwa mara moja. Watu walipiga nayo nyimbo nyingi sana za miaka ile. Basi urefu ni jambo moja, na wingi wa sauti zenye kutoka pamoja ni jambo lingine.

Nilimuuliza mwalimu: «Kama ni vile, basi tununue 49, tubakishe feza?» Akasema hapana. Nyimbo zinaingia katika 49, ni kweli, lakini mupigaji wetu hapigi sauti nne tu. Anagawanya kinanda: mukono wa kushoto unapiga sauti ya gitare ya besi, mukono wa kuume unapiga sauti ya ogani. Ukigawanya 49 katikati, kila mukono unapata oktavi mbili tu, na vidole vinagongana kama watu katika mulango wa basi. 61 inatosha kwa kazi hii. Akasema tena: «88 nayo iko na kazi yake. Mutu mwenye kujifunza piano kweli kweli anaihitaji, kwa sababu vitabu vikubwa vya piano vya miaka ya 1800 vinatembea mpaka pembeni. Kama masomo yetu yangekuwa na darasa la piano, ningesimama upande wako, Kapita. Lakini feza hii ilitolewa kwa korali.»

Munaona, mbele ya kupanda basi nilikuwa nimekwisha kujua yote haya. Hesabu niliifanya mimi mwenyewe. Na hata hivi, tulipoingia katika duka kule Lubumbashi na nikaona kile kirefu cheusi juu ya meza, niliyasahau yote.

Vilikuwa vitatu. Cha kwanza kilikuwa kifupi, tushi 49, dola 90. Cha kati, tushi 61, dola 175. Kile kirefu, tushi 88, dola 400. Mwalimu alichukua rula akapima oktavi moja toka do mpaka si. Katika kile kifupi ilikuwa santimeta 13 na nusu, sawa na kinanda chetu cha zamani. Katika vile viwili vingine, santimeta 16 na nusu, sawa na piano. Binti yule aliweka mukono wake na kusema: «Kumbe ni juu ya hiyo ninakosa kila mara nikipiga piano ya kanisa kubwa.» Vidole vyake vilikuwa vimezoea tushi nyembamba. Basi mujue, ukubwa wa kinanda ni wa namna mbili: wingi wa tushi, na upana wa kila tushi. Watu wanahesabu ule wa kwanza na kusahau wa pili, lakini ni wa pili ndio unaharibu mukono wa mwanafunzi.

Kisha mwalimu akavijaribu, na mutu yeyote mwenye kununua kinanda kilichotumika afanye vile. Akakanyaga kila tushi moja moja, toka mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu tushi moja iliyokufa inatosha kuharibu wimbo. Akakanyaga polepole, kisha kwa nguvu, ili kusikia kama sauti inafuata kidole. Kile kifupi hakikufuata, kilisema vile vile siku zote. Akakanyaga vidole kumi pamoja, akavishikilia, ili kuona kama kuna noti zinakatika. Akageuza kinanda, akasoma chini yake ni volti ngapi, na kama kinaweza kutumika na mabuye ya radio, kwa sababu munajua hapa kwetu umeme unakatika wakati wa wimbo bila kuomba ruhusa. Kile cha kati kilikuwa na nafasi ya mabuye. Kile kirefu, hapana.

Baada ya yote hayo, mimi nikasema: «Tunachukua cha 88.»

Mwalimu akaniangalia. Akasema: «Dola 30 zitabaki. Na bafle?» Nikajibu kwamba bafle tutaomba wazazi. «Na meza yake ya kukisimamishia?» Tutatengeneza kwa mbao. Nilikuwa na jibu kwa kila kitu. Ndipo binti wa mwaka wa tatu, aliyekuwa hajasema neno tangu asubui, akasema pole pole: «Yaya Kapita, njo nani atakibeba?»

Wenzangu, ninaandika maneno niliyomujibu, ili nisijifiche. Nilisema: «Wewe ni mutoto wa mwaka wa tatu. Ulikuja hapa kupiga, hukuja kuamua.» Nilisema vile mbele ya mwenye duka, mbele ya mwalimu. Yeye aliangalia chini.

Mwalimu hakunigombeza. Aliomba mwenye duka ruhusa, akasema: «Kapita, shika upande huu, mimi nitashika ule. Tuzunguke duka mara tatu.» Tukakiinua. Kinanda cha 88 chenye tushi za piano ni kizito kwa sababu ndani ya kila tushi kuna kipande kizito cha kuiga nyundo ya piano. Na urefu wake, tushi tu peke yake, ni zaidi ya metre moja na santimeta 20. Kwenye kona ya kwanza niligonga rafu. Kwenye ya pili nilikuwa natoka jasho. Mwenye duka alitufuata nyuma akishika vitu vyake visianguke. Kwenye muzunguko wa pili mwalimu akasimama akaniuliza: «Toka kwetu mpaka kanisa la ng'ambo ya muto, ni kilometa ngapi?» Nikasema ni 9. «Na kwenye kilalo cha miti, watu wawili wanapita pamoja?» Nikasema hapana, mumoja mumoja. Akasema tu: «Saulo alimupa Daudi silaha zake kwa moyo muzuri. Lakini Daudi alijaribu kutembea nazo kwanza.» Tukakirudisha juu ya meza.

Tukachukua cha 61. Hesabu ni hii, na daftari liko kwa Bwana Ekonomi, anayetaka aende kusoma: kinanda dola 175, bafle dola 130, chuma cha kukisimamishia, mufuko wake na pedali ya kushikilia sauti, dola 40. Jumla dola 345. Zimebaki dola 85. Kinanda kinaingia katika mufuko, mutu mumoja anakibeba mugongoni, na siku umeme unakatika kinaendelea na mabuye. Kwa wale wenye kupima kwa mikono, hiyo ni jibu langu la kwanza, na lingetosha.

Lakini kuna la pili.

Nyuma ya siku nne nilipita karibu na kanisa saa ya mapumziko, nikasikia kinanda. Ilikuwa yeye peke yake, anajifunza kupanua mukono kwenye tushi mupya. Niliingia nikamwambia: «Mudogo wangu, nilikosa kule dukani. Unisamehe. Wewe uliona vizuri, kile kikubwa hakikuwa na faida.» Hakujibu mara moja. Kisha akasema: «Yaya, kile njo nilikipenda.»

Sikusikia vizuri, nikamuuliza tena. Akanieleza. Wakati mwalimu alipokuwa anazungumza bei na mwenye duka, yeye alikuwa amekanyaga kile kirefu kwa mukono mumoja, kidogo tu. Tushi zilishuka na uzito, na sauti ilifuata kidole chake kama mutu mwenye kusikiliza. Hajapata hata siku moja kupiga kitu cha namna ile. Yeye anataka, akipata diploma yake, kwenda kujifunza muziki ku Institut National des Arts kule Kinshasa, na anajua kwamba mutu aliyejifunzia kwenye tushi nyepesi anafika kule na vidole vilegevu. Katika masomo yote haya, kama kuna mutu mumoja aliyekuwa na lazima ya tushi 88, ni yeye.

Nikamuuliza: «Sasa juu ya nini uliuliza nani atakibeba?» Akasema: «Korali iko na watu 34. Mimi niko mumoja.» Akaendelea kupiga.

Nilitoka inje na nilikaa chini ya muembe mpaka kengele. Niliwaza hivi. Yeye alikuwa na sababu ya kweli ya kutaka kile kikubwa, na alikiacha. Mimi, sipigi kinanda. Sijui hata kupiga wimbo mumoja mpaka mwisho. Basi 88 ilikuwa ya nini kwangu? Ninawaambia: mwezi wa saba nitakuwa nimekwisha kutoka hapa. Nilitaka siku moja nikirudi kutembea, watoto wa mwaka wa kwanza waambiwe, «Huyu ndiye Kapita aliyeleta kinanda kile kikubwa.» Sikuwa ninachagua kinanda kwa masikio. Nilikuwa ninalichagulia jina langu kitanda cha kulala. Na kwa ajili ya kitanda kile nilimunyamazisha mutu mwenye kusema kweli, kwa sababu tu alikuwa mudogo wangu na mimi niko na kitambulisho cha Kapita kwenye shati.

Sasa, juu ya wale wenye kutaka kununua kinanda, kwa makanisa yenu ao kwa nyumba zenu, shauri langu ni fupi. Usianze kwa kuhesabu tushi. Anza kwa kuuliza ni kazi gani, ni mikono ya nani, na ni nani atakibeba. Kwa kujifunza piano, tafuta 88 zenye uzito, na uziache zikae mahali pamoja. Kwa korali yenye kutembea, 61 za upana wa kawaida zinatosha. Kwa mutu mwenye kutunga nyimbo zake katika chumba kidogo, hata 49 zinafaa, hata 37, kama butoni ya oktavi iko na upana wa tushi ni muzuri. Kirefu si kizuri zaidi ya kifupi. Kila kimoja kiko muzuri mahali pake.

Na juu ya dola 85 zilizobaki, ninaomba kitu. Wengine wanasema tununue nguo za korali. Nguo ni nzuri. Lakini mimi ninaomba Kapita atakayenifuata aziache pale pale kwa Bwana Ekonomi na aongeze juu yake kidogo kidogo, ili siku moja chumba cha nyuma ya maktaba kipate kinanda cha tushi 88 chenye kukaa bila kubebwa. Mwenye kujifunza atakijia pale. Yule binti yuko bado na miaka mitatu kati yetu. Miaka mitatu inaweza kutosha. Wala jina la mutu lisiandikwe juu yake.

Siku ya Mungu ijayo korali inaenda ng'ambo ya muto. Tunaondoka saa kumi na mbili kamili asubui. Wale wote wenye kucheka kwamba kinanda ni kifupi, ninawaalika kwa upendo: mukuje mukibebe. Ni kilometa 9 kwenda, na 9 kurudi. Mimi nitaanza.

Kapita wenu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho